Pale Sumu Inapokutana na Ua

Uchavushaji, yaani kuhamishwa kwa chavua kutoka sehemu ya kiume ya ua hadi sehemu ya kike ili tunda lipate kutunga, hufanywa na upepo katika mahindi, na mpunga na ngano hujichavusha kwa kiasi kikubwa zenyewe, lakini katika sehemu kubwa ya mimea mingine inayolimwa kazi hiyo iko mikononi mwa viumbe hai, hasa wadudu. Tathmini ya kimataifa iliyopitishwa mjini Kuala Lumpur mwezi Februari 2016 na IPBES, jukwaa la kiserikali la sayansi na sera za bioanuwai, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiwango fulani, na kwamba mazao hayo huchangia takriban asilimia 35 ya uzalishaji wote wa mazao. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ina maana yake: nafaka ndizo zinazojaza ghala, ilhali maboga, matango, matikiti, maembe, maparachichi, mbaazi, alizeti, kahawa na korosho, ambayo ndiyo yanayoleta vitamini, mafuta na fedha za ada ya shule, ndiyo yanayomhitaji mdudu. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya wakulima wadogo wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya thamani ya mwaka ya mazao yaliyochunguzwa ilitokana na kazi ya nyuki, kazi ambayo hakuna mkulima aliyeilipia hata senti.

Gharama ya kazi hiyo pale mdudu anapokosekana inaonekana katika vanila inayolimwa Kagera na Uganda. Ua la vanila hufunguka kwa siku moja tu, wachavushaji wake wa asili walibaki Amerika ya Kati, na mkulima hana budi kupita ua kwa ua akiwa na kijiti mkononi, kwa mbinu iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, kijana aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Vanila huvumilia gharama hiyo kwa sababu bei yake ni kubwa. Boga na mbaazi haziwezi.

Tishio kwa wachavushaji lina sura nyingi, zikiwemo ukataji wa misitu, magonjwa, mabadiliko ya tabianchi na kilimo cha zao moja, na viuatilifu, yaani kemikali zinazotumika kuua wadudu waharibifu, kuvu na magugu, ni sura moja tu kati ya hizo. Hata hivyo ndiyo sura iliyo rahisi zaidi kubadilishwa kwa uamuzi wa binadamu ndani ya msimu mmoja, kwa sababu kila sumu inayoingia shambani ilisajiliwa na mamlaka fulani, ikauzwa na duka fulani na ikapulizwa na mtu fulani kwa saa aliyoichagua mwenyewe. Ulinzi wa wachavushaji umejadiliwa kwa muda mrefu kama swali la kemikali ipi ipigwe marufuku na ipi iachwe, na swali hilo ni la lazima. Lakini sumu haimdhuru nyuki ikiwa chupani. Humdhuru pale inapokutana naye kwenye ua, kwenye udongo au kwenye tone la maji, na sheria inayoihukumu sumu bila kuuchunguza mkutano huo hulinda nusu tu ya kinachopaswa kulindwa.

Mkutano ulio dhahiri kuliko yote ni wa kupuliziwa moja kwa moja. Mkulima anayetembea na bomba mgongoni asubuhi katika shamba la matikiti lililochanua humkuta nyuki akiwa kazini, na matone humwangukia mwilini au hubaki kwenye petali anazozikanyaga. Sumu za neva ndizo hatari zaidi hapa. Organofosfeti, kama vile klorpirifosi, huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva baada ya kupita, hivyo mwili wa mdudu huendelea kupokea amri zisizokoma hadi unapolegea. Pairethroidi, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya asili iliyomo katika ua la pareto, huvuruga milango ya sodiamu katika neva na kumwangusha mdudu kwa muda mfupi. Dalili zake mfugaji nyuki huziona bila darubini: nyuki waliokufa wanalundikana mlangoni mwa mzinga, wengine wanazunguka wakitetemeka, na walinzi wanawakataa wenzao wanaorudi.

Mkutano wa pili hauna dalili hizo, na ndio uliozua ubishi mkubwa wa miongo mitatu iliyopita. Neonikotinoidi ni familia ya sumu iliyobuniwa kwa mfano wa nikotini ya tumbaku, ambayo iliingia sokoni kuanzia mwaka 1991 kupitia imidaklopridi, ikafuatiwa na thiamethoksamu, klothianidini na nyingine. Sifa yake kuu ni kwamba hunyonywa na mmea na kusafiri ndani yake, kiasi kwamba mbegu iliyopakwa dawa kabla ya kupandwa huweza kuzaa mmea wenye sumu katika jani, katika chavua na katika mbochi, yaani maji matamu ya ua ambayo nyuki huyageuza kuwa asali. Kipimo cha imidaklopridi kinachoua nusu ya nyuki wanaokimeza katika majaribio ya maabara kimekadiriwa kuwa karibu nanogramu 4 kwa kila nyuki. Gramu moja, kwa hesabu hiyo, ina dozi za namna hiyo milioni 250. Kiasi kinachopatikana kwenye mbochi kwa kawaida ni kidogo kuliko hicho, na watetezi wa kemikali hizi waliishikilia hoja hiyo kwa miaka mingi, lakini nyuki hanywi mara moja akaacha, bali hurudi kwenye ua lilelile siku baada ya siku na kukibeba alichokipata hadi kwa watoto wake.

Upakaji wa mbegu ulisifiwa kuwa salama kwa sababu haurushi tone lolote hewani. Mwezi Mei 2008, katika bonde la mto Rhine huko Baden-Württemberg, Ujerumani, sifa hiyo ilivunjika. Mbegu za mahindi zilizopakwa klothianidini bila dawa kushikamana nazo vizuri zilipukutisha vumbi ndani ya mashine za kupandia, mashine zikalitoa vumbi hilo nje kwa hewa, upepo ukalipeleka kwenye maua ya jirani, na zaidi ya makundi 11,000 ya nyuki wa asali yakaathirika. Mahindi, zao lisilomhitaji nyuki hata kidogo, ndiyo yaliyokuwa chanzo cha maafa yake. Isitoshe, ni sehemu ndogo tu ya dawa iliyopakwa kwenye mbegu ambayo huingia kwenye mmea. Sehemu kubwa hubaki ardhini, ambako baadhi ya neonikotinoidi zinaweza kudumu kwa zaidi ya mwaka, na takriban asilimia 70 ya spishi za nyuki duniani hujenga viota vyao ardhini humohumo.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo mijadala mingi hulipita haraka. Neno nyuki linapotajwa, fikra huenda kwenye nyuki wa asali, mwenye mzinga, malkia na maelfu ya vibarua. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi peke yao: jike mmoja huchimba kishimo chake au hutoboa mti mkavu, hukusanya chavua, hutaga, na hufa bila kuwaona watoto wake. Kundi la nyuki wa asali linaweza kupoteza mamia ya vibarua na kuzalisha wengine, ilhali jike wa nyuki mpweke akifa shambani kabla ya kutaga ukoo wake unakatika siku hiyo. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha tafiti mbili zilizobadilisha mwelekeo wa mjadala. Katika moja, watafiti wa Ufaransa waliwabandika nyuki wa asali vidude vidogo vya kielektroniki mgongoni, wakawalisha thiamethoksamu kwa kiasi kisichoua, na wakagundua kwamba walioshindwa kurudi mzingani waliongezeka. Katika nyingine, makundi ya nyuki wenye manyoya wa nchi za baridi waliolishwa imidaklopridi kwa kiwango kinacholingana na cha shambani yalizalisha malkia wachache kwa asilimia 85 kuliko makundi ambayo hayakupewa sumu. Miaka mitatu baadaye utafiti uliofanywa Sweden, katika mashamba halisi yaliyopandwa mbegu zilizopakwa klothianidini, ulionyesha madhara makubwa kwa nyuki wa porini, wakati katika makundi ya nyuki wa asali yaliyowekwa kando ya mashamba hayohayo tofauti haikuonekana wazi.

Matokeo ya Sweden yanapaswa kusomwa kwa makini na kila mamlaka inayosajili viuatilifu, kwa sababu vipimo vya msingi vya kimataifa, vilivyowekwa na OECD mwaka 1998, humchukua nyuki wa asali aliyekomaa, humpaka au humlisha dozi moja, na huhesabu waliokufa ndani ya saa 48. Kipimo hicho hakimwoni aliyepotea njia, hakimwoni kiluwiluwi, hakiwaoni nyuki wasiouma wanaoishi kwenye kuta za udongo na mashina ya miti ya Afrika Mashariki, wala hakimwoni nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao, ambaye bila yeye pasheni haitungi vizuri. Vipimo vya muda mrefu zaidi vimeongezwa tangu wakati huo, kikiwemo cha siku 10 kilichokubaliwa mwaka 2017, lakini katika sehemu kubwa ya vipimo hivyo mnyama wa majaribio amebaki kuwa yuleyule. Kibandiko kinachosema kwamba dawa ni salama kwa nyuki kinasema, kwa hakika, kwamba dawa hiyo peke yake haikumuua haraka nyuki wa asali mmoja mkubwa.

Maneno hayo mawili, peke yake, yanahitaji kuangaliwa kwa karibu, na pwani ya kusini ya Tanzania ina mfano unaofaa kuliko mingi. Mikorosho ya Mtwara na Lindi huchanua hasa kati ya Juni na Septemba. Kila shada lina maua mengi ya kiume na machache yenye jinsia zote mbili, chavua yake hunata kiasi kwamba upepo hauisogezi mbali, na korosho hutunga kwa sababu nyuki wa asali, nyuki wasiouma na nzi hupita kutoka shada moja hadi jingine wakati wa jua. Msimu huohuo ndio wa maadui wawili wa mkorosho: ubwiriunga, kuvu inayofunika maua kwa unga mweupe na kuyakausha, na mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na mashada hadi yanageuka meusi. Mkulima asiyepulizia anaweza kukosa mavuno, kwa hiyo ushauri wa kuacha dawa kabisa, unaotolewa kwa wepesi na watu wasio na mikorosho, hauna uzito wowote kwake.

Dawa ya zamani ya ubwiriunga ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine alfajiri wakati majani yana umande na upepo umetulia. Madhara yake ya moja kwa moja kwa nyuki ni madogo yakilinganishwa na ya viuawadudu. Baadaye zikaja dawa za maji, nyingi zikiwa za familia ya triazoli, ambazo hutumika kwa kiasi kidogo na hazimchomi mpuliziaji macho kama salfa. Dhidi ya mbu wa mikorosho hutumika pairethroidi, hasa lambda-sihalothrini. Kwa kuwa mashine mara nyingi ni ya kukodi, mafuta yana bei na kibarua anataka malipo, mkulima huchanganya dawa mbili katika tangi moja ili shamba lipitiwe mara moja, na kwa upande wake hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Ila ndani ya mwili wa nyuki mchanganyiko huo si jumla ya sumu mbili. Nyuki huvunja kiasi fulani cha pairethroidi kwa vimeng'enya vya kundi la P450, na baadhi ya viuakuvu vya familia ya triazoli na jamaa zake huvizuia vimeng'enya hivyohivyo, hivyo kiasi cha pairethroidi ambacho nyuki angekistahimili humuua. Jambo hili limejulikana kwa wataalamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado kila chupa husajiliwa kivyake, kana kwamba mkulima ana matangi mawili na siku mbili.

Kuna mlinzi mwingine anayekufa katika tangi hilo. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, humla mbu wa mikorosho na jamaa zake, na tafiti za mwambao wa Afrika Mashariki na Zanzibar zimewatambua kwa miaka mingi kuwa walinzi wa mikorosho na minazi. Kiuawadudu kinachoua kila kitu humwondoa mbu wa mikorosho pamoja na maji moto, lakini mbu hurudi kwa wiki chache ilhali koloni la sisimizi huchukua muda mrefu kujijenga, na mkulima hujikuta akihitaji kupulizia tena katikati ya maua. Njia iliyo bora haina siri: kukagua mashada na machipukizi kabla maua hayajafunguka, kupulizia kiuawadudu mapema pale tu mbu anapoonekana kwa wingi, kuacha mikorosho yenye maji moto wa kutosha bila kiuawadudu, na kuitumia salfa au dawa nyingine ya kuvu peke yake maua yanapokuwa wazi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichoko Mtwara, kina historia ndefu na zao hili kiasi kwamba elimu ya namna hii haihitaji kuagizwa kutoka popote.

Ushauri unaorudiwa zaidi katika vijitabu vya ugani ni kupulizia jioni, baada ya nyuki kurudi mzingani, ili dawa ikauke kabla ya asubuhi. Kwa mazao mengi ushauri huo ni mzuri, hasa kwa sumu zinazovunjika upesi, lakini haufai kila mahali. Mipapai mingi huwa na mti dume na mti jike kila mmoja kivyake, na uchunguzi uliofanywa Kenya na Dino Martins, mtaalamu wa wadudu, pamoja na mwenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwaonyesha nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, wanaoruka magharibi na usiku, kuwa wachavushaji wakuu wa mipapai, na kwamba shamba likiwa karibu na uoto wa asili nondo hao huwa wengi zaidi. Anayepulizia papai jioni humwokoa nyuki na kumpiga nondo. Kwa upande mwingine, maua ya maboga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, hivyo alasiri huwa salama zaidi kuliko ilivyo kwa alizeti, inayotembelewa kutwa nzima. Saa ya kupulizia ni swali la zao na la mdudu wake, na afisa ugani anayetoa jibu moja kwa mazao yote anatoa nusu ya jibu.

Ulaya ilichagua njia ya sheria, na safari yake ilikuwa ndefu. Ufaransa ilisimamisha matumizi ya imidaklopridi kwenye mbegu za alizeti mwaka 1999 baada ya malalamiko ya wafugaji nyuki. Umoja wa Ulaya ulizizuia neonikotinoidi tatu kwenye mazao yanayovutia nyuki mwaka 2013, kisha mwaka 2018 ukazipiga marufuku tatu hizo kwa matumizi yote ya mashamba ya wazi. Nchi kadhaa ziliendelea kutoa vibali vya dharura, hasa kwa viazisukari, hadi Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilipoamua mwezi Januari 2023 kwamba mbegu zilizopakwa kemikali zilizokatazwa waziwazi haziwezi kuruhusiwa kwa njia hiyo. Wakati huohuo kemikali mpya zenye utendaji unaofanana ziliingia, na moja yake, sulfoksaflori, ilizuiwa kutumika nje ya vitalu nyumba vya kudumu mwaka 2022. Somo lililo wazi ni kwamba kufuata jina la kemikali moja baada ya nyingine huiacha sheria nyuma ya kiwanda kila mara.

Kuna jambo zito zaidi ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kulisema kwa sauti. Sheria za Ulaya zilikataza matumizi ndani ya mipaka yake, lakini utengenezaji na uuzaji nje wa viuatilifu vilivyokatazwa uliendelea kuwa halali katika nchi nyingi, na Ufaransa, iliyotunga sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji huo kuanzia 2022, ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizochukua hatua, tena sheria yake iliacha mianya. Mkataba wa Rotterdam, uliokubaliwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2004, huitaka nchi inayouza kemikali zilizoorodheshwa iipe taarifa nchi inayonunua na kupata ridhaa yake, lakini haumzuii muuzaji kuuza ridhaa ikishapatikana. Sumu inayoaminika kuwa hatari mno kwa nyuki wa Bavaria haipati usalama wowote inapovuka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, na hoja kwamba mazingira ni tofauti ingekuwa na nguvu kama waliosafirisha wangekuwa wameyapima mazingira hayo.

Hata hivyo kuiga orodha ya Ulaya peke yake hakutoshi, na katika hali fulani kunaweza kumdhuru mdudu yuleyule anayekusudiwa kulindwa. Mkulima wa nyanya wa Morogoro au Kajiado aliyevamiwa na kantangaze, nondo mharibifu aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, akinyimwa dawa moja bila kupewa njia mbadala atachukua organofosfeti iliyo karibu na kuipulizia mara mbili kwa wiki. Tanzania imeunganisha udhibiti wa viuatilifu na afya ya mimea chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa sheria ya mwaka 2020, na Kenya ina bodi yake iliyotokana na sheria ya mwaka 1982, hivyo vyombo vipo. Pengo liko kati ya chombo na shamba. Katika vijiji vingi mtaalamu wa kwanza na wa mwisho ambaye mkulima humwona ni muuza duka la pembejeo, ambaye hupima dawa kutoka kwenye chupa kubwa na kuitia katika kichupa cha soda kisicho na kibandiko, kwa sababu mteja ana shilingi chache. Tahadhari kuhusu nyuki, kama ilikuwepo, imebaki kwenye chupa kubwa, na huenda iliandikwa kwa lugha ya kigeni. Kulazimisha vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani, vyenye maandishi ya Kiswahili na mchoro wa nyuki uliokatwa mstari kwa dawa zisizoruhusiwa kwenye maua, pamoja na kumfundisha na kumpa leseni muuza duka, kungeokoa wachavushaji wengi kuliko tangazo jipya la marufuku lisilofika kijijini.

Njia mbadala zinazofanya kazi zipo, na baadhi zilijaribiwa hapahapa. Mwaka 2009 nzige wekundu walipoongezeka katika nyanda za Iku zilizo karibu na Katavi na katika bonde la Malagarasi nchini Tanzania, walipuliziwa vimbegu vya kuvu aina ya Metarhizium, inayoshambulia nzige na panzi na kuwaacha wadudu wengine karibu wote. Kuvu hiyo ilitumika pia Somalia katika uvamizi wa nzige wa jangwani wa mwaka 2020, wakati nchi nyingine za kanda zilitegemea zaidi kemikali zinazoua nyuki. Kwa nzi wa matunda wa Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuhatarisha soko la maembe, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoko Nairobi, kimeendeleza mitego yenye chambo, usafi wa shamba na chambo cha protini kinachowekwa sehemu chache za mti, badala ya kuupulizia mwembe mzima. Na kwa kuwa maua ya mwembe huchavushwa zaidi na nzi wengine wasio na madhara pamoja na nyuki wadogo, tofauti kati ya tone la chambo na mvua ya sumu ni kubwa. Tahadhari moja inastahili hapa: kitu cha asili si lazima kiwe salama. Pareto ya Iringa na ya nyanda za juu za Kenya humwua nyuki vilevile inapomgusa, na ubora wake uko katika kuvunjwa upesi na mwanga wa jua, hivyo nayo inadai kuchaguliwa kwa saa.

Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya mbaazi ya Kibwezi, Kenya, ulikuta kwamba matumizi ya viuawadudu yaliambatana na upungufu wa wachavushaji, na kwamba hali ya uoto unaozunguka shamba nayo ilikuwa na uzito wake. Hili linakubaliana na kilichoonekana kwenye kahawa ya Kilimanjaro katika utafiti wa mwaka 2014, ambapo uchavushaji uliongeza uzito wa tunda kwa takriban asilimia 7, na ndege na popo wanaokula wadudu waliongeza utungaji wa matunda kwa takriban asilimia 9, kila huduma ikiikamilisha nyingine. Mipaka ya shamba yenye magugu yanayochanua, miti mikavu iliyoachwa isimame na kingo za mito zisizolimwa si uchafu wa kufyekwa au kunyunyiziwa kiuagugu. Ni makazi ya wafanyakazi wa shamba.

Tatizo gumu kuliko yote ni kwamba wafanyakazi hao hawana mwenyewe. Mfugaji nyuki wa Tabora huitundika mizinga yake ndani kabisa ya miombo, mbali na mashamba ya tumbaku, na akipoteza makundi anaweza kwenda kulalamika kwa afisa nyuki wa wilaya akiwa na ushahidi mkononi. Nyuki asiyeuma wa ukutani, nondo wa mpapai na nzi wa mwembe wakitoweka hakuna anayefungua jalada. Nchi zilizokubaliana mwezi Desemba 2022, katika mfumo wa Kunming-Montreal wa bioanuwai, kupunguza angalau kwa nusu hatari inayotokana na viuatilifu ifikapo mwaka 2030, ziliahidi jambo lisiloweza kuthibitishwa bila hesabu ya wadudu hao. Afrika Mashariki ina pa kuanzia, kwani mpango wa kimataifa wa kuwahifadhi wachavushaji ulianzishwa katika mkutano wa Nairobi wa mwaka 2000, na maabara ya afya ya nyuki ya icipe imekuwepo tangu mwaka 2014.

Hatua mbili ziko ndani ya uwezo wa mamlaka za usajili bila kusubiri fedha za wafadhili. Ya kwanza ni kumtaka kila mwombaji wa usajili wa kiuawadudu kinachokusudiwa kutumika kwenye mazao yanayochanua alete matokeo ya majaribio kwa angalau spishi moja ya nyuki wasiouma wa kanda hii, pamoja na majaribio ya mchanganyiko na viuakuvu vinavyotumika kwenye zao hilohilo. Ya pili ni kuwapa maafisa ugani kazi ndogo ya kila msimu, ambayo haihitaji darubini wala maabara: kufunga nyuzi za rangi kwenye maua jike 50 ya maboga katika mashamba yaliyochaguliwa ya kila kata, kurudi baada ya wiki mbili kuhesabu yaliyotunga, na kuandika kando ya tarakimu hiyo jina la dawa iliyopulizwa, tarehe na saa.